Inspekta Radan Apata Cheti

Jumapili ya pili ya Septemba, saa mbili kasoro dakika kumi za jioni, Donka Racheva alikuwa jikoni kwake akimenya pilipili hoho zilizochomwa. Alikuwa amebakiza beseni moja. Masizi yalikuwa yamemwingia kwenye kucha, na mji mzima wa Kalinevo ulinuka moshi, maana kila nyumba ilikuwa inachoma hoho za kuweka kwenye chupa kwa ajili ya baridi. Ilipokaribia saa mbili kamili alinawa, akavua aproni, akachana nywele zake nyeupe, akakaa mbele ya televisheni. Kwa miaka minane hakuwahi kumpokea Inspekta Radan Mitev akiwa na aproni.

Tamthilia iliitwa Barabara ya Maghala, na jioni hiyo ndiyo ilikuwa inaisha moja kwa moja. Katika sehemu tisini na tano Inspekta Radan hakuacha kesi hata moja ikining'inia. Waliouawa, alimjua aliyewaua. Waliopotea aliwapata, wazima au wafu, na aliwarudisha kwa watu wao. Ilikuwa imebaki kesi ya tajiri mwenye maghala, nayo ndiyo kubwa kuliko zote.

Radan alipanda ngazi ghorofa sita kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Alikuwa anahema, faili kwapani. Akashika kitasa cha mlango wa chuma. Sauti ya mwanamume ikasema kutoka ndani, "Umechelewa, Radan." Akafungua. Ukasikika mlio mmoja mzito, na kioo kikawa cheusi.

Donka alidhani umeme umekatika. Akatazama taa, taa inawaka. Akangoja. Baadaye kidogo majina ya waigizaji yakaanza kupanda, bila muziki.

Alikuwa bado amekaa hivyohivyo, rimoti mkononi, aliposikia jirani yake Zlatka akipiga kelele kwenye uzio.

"Donka! We Donka! Umeona?"

Akatoka. "Nimeona."

"Wamemuua!"

"Hawajaonyesha."

"Hawajaonyesha nini, mama wewe? Mlio umeusikia, au masikio nayo umeyatia kwenye chupa pamoja na hoho?"

"Nimeusikia. Mlango wa chuma nao ukijibamiza hulia hivyo."

"Haya, na wewe! Umekuwa kinyozi? Kinyozi katoka nje na taulo shingoni, anatangazia mtaa kuwa ni mlango, kwamba Radan mzima na mwakani anarudi. Nimemwambia nyamaza, kunyoa kwenyewe hujui, utajua milio?"

Zlatka alikuwa analia kweli, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kidevu. Donka akampitishia kitambaa chake juu ya uzio. Yeye hakulia. Mshtuko wake ulikuwa umeshuka chini zaidi, mahali ambapo machozi hayafiki. Alikuwa anawaza: hata hawa. Hata hawa wenye kalamu mkononi, wanaoweza kuandika mwisho wowote wanaoupenda, hata hawa wameshindwa kusema.

Jumatatu asubuhi, alipoingia jikoni kuchemsha maziwa, Inspekta Radan alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na jiko.

Alikuwa mfupi kuliko kwenye televisheni na koti lake lilikuwa limechakaa kwenye mikono. Bado alikuwa anahema kwa ajili ya zile ngazi. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekunjika, kama bado vimeshika kitasa.

"Umekunywa chai?" Donka akamuuliza.

"Sijui, mama. Sijui kama huwa nakunywa."

Donka akamwekea kikombe katika ule mkono uliokunjika, na vidole vikakishika vizuri kabisa. Akamkatia mkate na jibini. Alimngoja ameze ndipo amwulize mengine, kwa kuwa mtu haulizwi habari akiwa na njaa.

"Nilianzia kwa jirani yako," Radan akasema. "Hapakuwa na nafasi. Yeye amekwisha kunizika."

"Na kwa kinyozi?"

"Kwa kinyozi nilikuta tayari nipo. Nimekaa kwenye kiti, nanyolewa, nacheka. Nikaona aibu, nikatoka. Nimeuzunguka mji wote, mama. Wameshaamua kila mmoja, huyu hivi, yule vile. Wewe tu ndiye hukuamua."

"Mimi nina mazoezi," Donka akasema, akamwongezea chai.

Alikuwa na mazoezi ya miaka ishirini na mmoja. Mume wake Metodi alikuwa fundi wa mitambo ya mvuke katika kiwanda cha kusindika mboga, siku zile kilipokuwa kinabadili wamiliki. Asubuhi mbili mfululizo aliona mitambo ikifunguliwa na kupakiwa kwenye malori, na aliyesimamia upakiaji alikuwa meneja, Plamen Sarafov. Metodi hakugombana na mtu. Aliandika namba za mitambo yote kwenye karatasi, akavaa sweta lake la kahawia, akapanda basi la saa moja na dakika kumi kwenda kwa mwendesha mashtaka kwenye mji wa mkoa. Ilikuwa Novemba. Dereva alikumbuka kumwona akipanda. Hakukumbuka kumwona akishuka. Faili la polisi lilikuwa na kurasa nne, na juu yake paliandikwa Imesitishwa.

Kalinevo mtu akifa, tangazo lenye picha yake na mpaka mweusi hubandikwa getini, kwenye kituo cha basi na kwenye miti ya barabarani. Baada ya siku arobaini hubandikwa lingine, baada ya mwaka lingine, kiasi kwamba waliokufa zamani bado huwatazama watu wakingoja basi. Metodi hakuwa na tangazo. Kubandika kungekuwa kumuua, na kutobandika kulikuwa kuzidi kumngoja. Kanisani mishumaa ya wazima huwekwa juu na ya wafu huwekwa chini, kwenye mchanga. Donka alikuwa anawasha mmoja na kuushika mkononi mpaka uishe. Wanawake wenzake walijua, nao walikuwa wakimpisha na kumwachia nafasi asiguswe, bila kusema kitu.

Kwa hiyo alimhurumia Radan kuliko mtu mwingine angemhurumia. Hakupenda kuona kiumbe chochote kikining'inia.

"Maliza chai yako," akamwambia. "Twende tukakupatie cheti, upumzike."

"Na kama sikufa?"

"Kama hukufa, karatasi itakufanya nini? Asiye na karatasi ndiye anayechoka. Mimi nakwambia."

Getini walimkuta Zlatka na ndoo ya gundi, anabandika. Picha alikuwa ameikata kwenye gazeti la vipindi. Alipomwona Radan alifuta mikono kwenye sketi, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu kwenye paji la uso kama anavyobusiwa maiti.

"Pole, mwanangu. Nimekuandika miaka hamsini na miwili. Nimekosea?"

"Hamsini na mitatu."

"Basi tena, imeshachapwa. Mwaka mmoja wa bure, utafanyia nini? Shika hizi." Akampa maandazi mawili yaliyofungwa kwenye karatasi, bado ya moto.

Kwenye ofisi ya mji walichukua namba ya foleni, wakakaa. Watu waliokuwa mbele yao walimwona Radan wakanyanyuka mmoja mmoja, wakampa nafasi zao, kwa kuwa mwenye msiba hapangi foleni. Karani wa vizazi na vifo alikuwa Temenuga, mwanamke wa makamo, naye macho yalikuwa yamemvimba.

"Jina la marehemu?"

"Ni huyu," Donka akasema.

"Namwona, mama, lakini lazima aseme mwenyewe."

Radan akasema. Akatoa kitambulisho chake cha tamthilia. Temenuga akahesabu tarakimu, akaona zimetimia.

"Mashahidi wawili wa kifo."

"Gazeti la leo linasema watazamaji tulikuwa milioni moja na nusu," Donka akasema.

"Wawili wangetosha," akasema Temenuga, akaandika milioni moja na nusu. Kwenye sababu ya kifo aliandika Mlio. Alikuwa na mwandiko wa haraka kwa watu wengine, lakini cheti hiki alikiandika polepole kwa herufi za mviringo, akaupuliza wino ukauke kabla hajagonga muhuri. Yote yalichukua nusu saa.

Donka hakuondoka dirishani. "Temenuga, mwanangu. Kwa kuwa nimekwisha kufika. Na Metodi?"

Temenuga akaweka kalamu chini. "Mama Donka."

"Ni mwaka wa ishirini na mmoja."

"Nani alimwona akifa?"

"Hakuna."

"Ndiyo hivyo, mama yangu. Huyu kaonekana."

Wakati huo mlango ukafunguliwa, akaingia mwenyekiti wa baraza la mji. Alikuwa Plamen Sarafov, na nywele zake sasa zilikuwa za kijivu safi. Alimwona Radan, akavua kofia. Alimkumbatia muda mrefu.

"Sikulala," akasema. "Mke wangu shahidi, sikulala hata lepe. Mama Donka, umeona walichotufanyia? Miaka minane tunawafuata, halafu giza! Watu wana haki ya kujua! Ua mtu, sawa, lakini sema umemuua. Humwachi mtu roho inaning'inia namna hii, ni dhambi."

"Ni dhambi," Donka akasema.

Radan alimtazama Sarafov kama alivyokuwa akiwatazama watu fulani mwanzoni mwa kila sehemu, kabla mtazamaji hajajua kwa nini. Walipofika ukumbini akasema kwa sauti ya chini, "Ni yule."

"Najua, mwanangu. Mji mzima unajua."

"Ningeimaliza kwa sehemu mbili. Ya kwanza mitambo, ya pili mume wako."

"Lakini imeisha."

"Imeisha," Radan akakubali, akatazama mkono wake uliokunjika.

Cheti kikiwa mfukoni, njia zilimfungukia. Jumanne baada ya chakula cha mchana alisema anakwenda kuripoti kule kwa marehemu wenzake, kama askari anayekwenda kituo kipya. Donka alimfungia mkate na chupa moja ya hoho za mwaka huu, kwa kuwa huendi kwa wenyeji mikono mitupu.

"Ukimkuta Metodi," akaanza.

"Nitauliza. Ndiyo kazi yangu."

Alirudi Alhamisi saa nne asubuhi. Alikuwa na vumbi jeupe mabegani na kwenye viatu. Akaweka ile chupa mezani. Ilikuwa tupu, imeoshwa, na kifuniko kimefungwa.

"Nani kaiosha?" Donka akauliza.

"Yeye."

Donka akavuta kiti. "Alikuwa amevaaje?"

"Sweta la kahawia. Kiwiko cha kushoto kina kiraka."

"Nilikitia mimi. Uzi ulikuwa umenipungukia, nikamalizia na wa kijani."

"Wa kijani," Radan akasema. "Yuko chini ya banda la mizani la kiwanda, lililokuwa linajengwa siku zile, kona ya kaskazini. Walimshusha kwenye basi pale geti la kiwanda, watu wawili, mmoja wao Sarafov, akamwambia anataka waelewane. Zege walilimwaga siku ileile kabla ya adhuhuri. Anasema ni zege zuri, saruji hawakuibania. Karatasi ya namba za mitambo anayo ndani ya soksi. Anauliza kama bomba la jiko huwa unalizibua."

"Kila Oktoba."

"Nimemwambia utakuwa unalizibua. Amefurahi."

Donka alibaki amekaa. Hakushangaa kwamba Radan amefika huko na kurudi. Kilichompiga ni kwamba ni karibu hivyo. Banda la mizani lilikuwa hatua mia nne kutoka getini kwake. Kila vuli alipeleka hoho zake kupimwa pale, na akiwa anangoja zamu yake aliegemeza magunia kona ya kaskazini, kwa sababu ndiyo yenye kivuli. Alikuwa amekaa pale. Alikuwa amekula mkate pale, akakung'uta makombo. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na Radan, aliyewahi kuwapelekea habari wake wengi, alinyanyuka. Akaepua maziwa kabla hayajafurika.

Ijumaa walikwenda polisi. Kapteni Bonev alikuwa kijana mwenye adabu. Alimpa Donka kiti chake mwenyewe, akamletea maji, akaandika kila kitu bila kumkatiza: banda, kona, zege, sweta, uzi wa kijani, soksi. Zilitoka kurasa mbili. Donka aliutazama mkono wa Bonev ukiandika, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba ile aliruhusu mgongo wake uguse kiti.

"Jina la shahidi?"

"Inspekta Radan Mitev."

"Karibu sana, Inspekta. Mama yangu mzazi bado analia. Hati zako?"

Radan alikuwa mtu mkweli katika sehemu zote tisini na sita. Akaweka mezani kitambulisho, na juu yake akaweka cheti.

Bonev alisoma. Akasoma tena. Kisha akafunika kalamu.

"Mama Donka, shahidi wako amefariki."

"Ndiyo. Jumapili."

"Marehemu hatoi ushahidi."

"Si huyu hapa, mwanangu?"

"Namwona, mama. Lakini Inspekta mwenyewe anaijua sheria."

"Naijua," Radan akasema, akainamisha kichwa. "Katika msimu wa nne mimi mwenyewe nilimkataa shahidi wa namna hii."

"Mngekuja Jumatatu," Bonev akasema polepole, kwa sababu ilimuuma kusema, "mngekuja kabla ya cheti, ningelazimika kupokea. Mtu asiyejulikana kafa au yu hai, sheria inamhesabu hai."

Jumatatu. Jumatatu Donka mwenyewe ndiye aliyemshika Radan mkono akamwongoza mpaka dirishani. Hakuna aliyemtuma. Alifanya kwa huruma.

"Kinaweza kufutwa?"

"Kwa ombi la ndugu wa damu au mke."

"Hana ndugu. Mkewe alikufa msimu wa pili."

"Nakumbuka," Bonev akasema. "Kwenye treni."

"Basi bomoeni ile kona, mwangalie tu. Kona moja."

"Kwa ridhaa ya mwenye banda, mama. Na banda ni la Sarafov."

Alizitoboa zile kurasa mbili akazitia kwenye faili, likawa na kurasa sita. Neno lililoandikwa juu hakuligusa. Akamsindikiza Donka mpaka chini kwenye ngazi, akimshika kiwiko, maana zilikuwa zimelowa.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Donka alimwambia Radan atangulie akawashe jiko. Alitaka kutembea peke yake. Alikuwa hajamaliza uwanja wa mji aliposikia viatu nyuma yake, na mvua ikakoma juu ya kichwa chake.

"Utalowa, Mama Donka," Sarafov akasema. Alikuwa na mwavuli mkubwa mweusi. Alimwinamishia yeye, na bega lake mwenyewe likawa linalowa.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Kila msimu wa baridi aliwapelekea wajane kuni, na Donka, ambaye hakuwa mjane wala mke, naye alipelekewa. Kwenye orodha aliandikwa mwishoni, chini ya neno Wengineo. Alikuwa anaulizia afya za watu, na alikuwa anakumbuka walichomjibu.

Walitembea taratibu kwa ajili ya miguu ya Donka.

"Bado silali, unajua?" Sarafov akasema. "Wananicheka nyumbani. Namuuliza kila mtu ninayekutana naye, nimekuwa kama mtoto. Wewe unaonaje, mama? Alikufa, au hakufa?"

Walikuwa wamefika kwenye banda la mizani. Maji yalikuwa yanateremka kutoka kwenye bati.

"Alikufa," Donka akasema.

"Una uhakika?"

"Nimeambiwa alipo. Kona ya kaskazini, chini ya zege."

Mwavuli haukutikisika. Sarafov alipiga hatua kama kumi, mkono wake umenyooka vilevile, na hakuna tone hata moja lililomwangukia Donka.

"Afadhali," hatimaye akasema. "Afadhali kujua, mama. Kutojua ndiko kunakomaliza mtu."

Akamfikisha mpaka getini. Akamfungulia, akamshikilia mwavuli mpaka alipofika kibarazani, kisha akafunga geti taratibu, akaenda zake.

Uchaguzi wa mji ulikuwa Oktoba. Sarafov alipata kura nyingi kuliko miaka yote. Radan, ambaye kwa cheti chake hakuruhusiwa kuingia kupiga kura, alimngoja Donka nje ya shule akiwa amemshikia mkoba, na waliopita walimwamkia.